Maana ya karantini, kwa wanaofuga samaki wa bahari

Kijana mmoja wa hapa Malindi, namwita mwanangu ingawa hatuna udugu wa damu, alinipigia simu Alhamisi kabla sijamaliza chai. Samaki wake, kangaja wa buluu, katoka madoa meupe mwili mzima, kama aliyenyunyiziwa chumvi ya mezani. "Lakini usitie shaka, mzee," akasema, "nishamtia karantini."

Ilikuwa mara ya nne mwezi huo kulisikia neno hilo likitumiwa hivyo, na mara zote tatu za mwanzo nilinyamaza. Sasa naandika.

Karantini ni muda wa kumweka kando kiumbe anayeonekana mzima, ijulikane kama kabeba ugonjwa usioonekana, kabla hajachanganyika na wenziwe. Basi, maana yake ndiyo hiyo. Mgonjwa hatiwi karantini. Mgonjwa hutengwa, na akishatengwa hutibiwa. Yule kangaja alikwisha kutoka madoa, hakuna tena cha kungoja kijulikane.

Kosa lenyewe linasameheka, nadhani mzizi wake ni mwaka 2020. Wasafiri walioshuka uwanja wa ndege Nairobi walipelekwa karantini ya lazima siku 14, na waliougua walipelekwa wadi za kutengwa. Mtaani yote mawili yakawa "kapelekwa karantini", kwa sauti ile ile ya mtu kukamatwa. Na neno lilikuwa lishanuka jela zamani. Kule Changuu, kisiwa kilicho mbele ya mji wa Unguja, miaka ya 1890 lilijengwa jengo liwe gereza, likaishia kuwa kituo cha karantini cha abiria wa meli. Mpaka leo watu wanakiita Kisiwa cha Jela. Abiria aliyekaa pale kungoja siku zake zitimie hakuwa na kosa, na mara nyingi hakuwa na ugonjwa.

Asili ya neno ni jambo ambalo sisi watu wa Malindi, kati ya Waswahili wote, hatuna udhuru wa kutolijua. Muuza vinyago yeyote wa ufukweni hapa, kwa kuzoea watalii wa Kiitaliano, anahesabu lugha yao mpaka mia bila kukohoa. Muulize *quaranta* ni ngapi, atakujibu hujafunga mdomo: arubaini. Neno limetoka hapo hapo. Mwaka 1377 mji wa Ragusa, ambao leo unaitwa Dubrovnik, uliamuru kwamba wanaotoka penye tauni wakae nje ya mji siku 30 ndipo waingie. Baadaye siku zikaongezwa zikawa 40, na Venice, mji uliokuwa ukiishi kwa biashara ya meli, ndio uliolipa zoezi hilo jina lililodumu. Waarabu wakasema karantina, Waingereza wakalitamka kwa ndimi zao, sisi tukapata karantini. Ukilifasiri neno kwa neno, ni "arubaini" tu.

Ila kinachonifurahisha zaidi huko Venice ni visiwa vyake. Mwaka 1423 walitenga kisiwa kimoja kuwa hospitali ya wagonjwa wa tauni. Mwaka 1468 wakatenga kisiwa cha pili, mbali na kile cha kwanza, kwa ajili ya meli, watu na bidhaa zinazoshukiwa. Wagonjwa huku, wanaongojewa kule. Watu waliokuwa hawajui kabisa tauni inasababishwa na nini, hawajawahi kuona bakteria wala kumsikia, walijua kwamba ukimlaza mshukiwa kando ya mgonjwa umempa ugonjwa ambao pengine hakuwa nao. Mwanangu ana matangi ya kioo, pampu za umeme na simu yenye intaneti, lakini ana kisiwa kimoja tu.

Kwetu arubaini si ngeni. Mzazi hukaa ndani arubaini, maiti husomewa arubaini, na mwizi siku zake ni arubaini. Lakini neno linaloikaribia karantini kuliko yote, kwa maoni yangu, si arubaini. Ni eda. Eda ni Kiarabu, na asili yake ni kuhesabu. Mwanamke aliyeachwa au kufiwa hukaa kuhesabu muda wake, na moja ya sababu wanazozitaja wanazuoni ni kujua kama tumboni mna kitu. Hakuna anayedhani kwamba mwanamke wa eda ni mgonjwa. Hatibiwi eda. Anangojewa, kwa sababu kuna jambo ambalo jicho haliwezi kuliona leo na siku zitalionyesha. Nikitaka mtu aelewe karantini kwa sentensi moja, humwambia samaki mgeni anakaa eda, na hapo hata wasiofuga samaki huelewa.

Tena eda inafundisha jambo jingine: siku zake hazikuchaguliwa kwa kupendeza masikio. Mjane hukaa miezi minne na siku kumi, lakini akiwa na mimba eda yake huisha anapojifungua, iwe baada ya miezi minane au kesho. Hesabu inafuata kile kinachongojewa. Hapo ndipo wafugaji wetu wanapoharibu mara ya pili. Wakishajifunza kwamba karantini ni kungoja, wanangoja siku tano, au wiki, au "mpaka aanze kula vizuri". Mimi huwauliza: unamngoja nani?

Tuseme basi anayengojewa. Madoa meupe ya samaki wa bahari huletwa na kimelea wa chembe moja anayeitwa *Cryptocaryon irritans*. Si yule wa madoa meupe ya samaki wa maji baridi, japo wanafanana kwa macho na mizunguko yao ya maisha inafanana pia. Nalisema hili kwa sababu kijana wangu alikwisha shauriwa na mtu aongeze chumvi kwenye tangi. Chumvi! Kwa samaki wa bahari! Ushauri huo ni wa maji baridi, umepotea njia ukafika Malindi.

Kimelea huyu hukaa ndani ya ngozi ya samaki, chini ya tabaka la juu, siku kama tatu hadi saba, akila na kunenepa. Lile doa unaloliona ni yeye. Akishiba anadondoka, anatambaa chini saa chache, kisha anajifungia katika kifuko kigumu juu ya mchanga, jiwe au kioo. Humo ndani anagawanyika, na kifuko kimoja kinaweza kutoa vijidudu hata 200 vinavyoogelea. Hivyo vikikosa samaki kwa siku moja au mbili, vinakufa. Vikimpata, vinaingia ngozini na mambo yanaanza upya. Vifuko vingi hupasuka ndani ya wiki moja au mbili, lakini vipo vinavyochelewa, na katika maabara kimoja kilionekana kuchukua siku 72. Mwizi wa methali siku zake ni arubaini. Huyu wetu ana zaidi.

Kwa hiyo madoa yakitoweka siku ya tano, samaki hajapona. Kimelea kashiba kashuka. Watu wangapi wamewahi kuniambia "karantini imemsaidia, siku nne tu madoa yote yameisha"! Ameshuka kwenda kuzaa, baba.

Huko nje kwenye miamba yetu kangaja huishi na mdudu huyu bila makuu, kwa kuwa bahari ni pana na vijidudu vingi hufa bila kukutana na samaki. Tangi la lita 400 halina upana huo. Kila kinachoangua kinamkuta samaki yule yule aliyetoka kunyonywa juzi.

Dawa ipo, na hili nitalipita haraka kwa sababu si neno nililokuja kulieleza. Ya zamani kabisa ni shaba. Mrututu, ule wa buluu ambao bibi zetu waliujua, ni chumvi ya shaba. Lakini shaba haimwingii mdudu aliye ngozini wala aliye kifukoni. Inawaua wale wanaoogelea tu, ndiyo maana lazima idumu majini wiki tatu au zaidi bila kushuka, na kipimo chake ni chembamba: miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita kwa shaba tupu. Dawa za dukani zilizofungwa na kemikali nyingine zina kipimo chake tofauti, kimeandikwa kwenye chupa. Chini ya hapo unamchekesha mdudu, juu ya hapo unamuua samaki. Usichukue mrututu wa shamba ukakisia kwa kijiko. Na shaba inaua matumbawe, kamba na konokono, tena mawe ya chokaa huinywa, kwa hiyo haitiwi kabisa kwenye tangi la matumbawe. Wasiotaka shaba hushusha chumvi ya maji kutoka sehemu 35 kwa kila elfu hadi kama 14, polepole, wiki kadhaa, na hilo nalo matumbawe hayalistahimili. Au humhamisha samaki kila siku ya tatu kwenda chombo kisafi kikavu, mara nne, ili mdudu akidondoka aachwe nyuma kabla hajaangua. Zote tatu zinadai chombo cha pembeni, na ndipo tunaporudi kwa kijana wangu.

Nilikwenda kumtazama jioni ile ile. Tangi kubwa limejaa matumbawe mazuri, simnyimi sifa yake. Pembeni, juu ya kabati, lipo tangi dogo lenye karatasi imegundishwa: KARANTINI. Kangaja yumo, anajisugua kwenye bomba la plastiki. Nikafuata paipu kwa kidole. Inatoka tangi dogo, inashuka nyuma ya kabati, inaingia kwenye chujio, na chujio ni la tangi kubwa. Maji ni mamoja. Alivyojenga hivyo ni ili samaki mgeni "azoee maji". Na katikati ya matangi mawili, kwenye msumari, wavu wa mkono wenye mpini wa kijani, bado unadondosha.

Sikumgombeza. Nilimuuliza tu kangaja amekaa humu siku ngapi kabla ya kutiwa tangi kubwa mwezi jana.

"Siku tano, mzee. Alikuwa mzima."

"Na alipotoka madoa ukamrudisha humu humu."

"Ndiyo. Karantini."

Tazama chombo kimoja kilivyobeba kazi mbili, kwa sababu neno moja limebeba maana mbili. Alipokuwa mzima hakungojewa vya kutosha, alipokuwa mgonjwa hakutengwa hata kidogo. Mimi samaki mgeni humweka siku 30 kwa uchache, maji yake peke yake, wavu wake peke yake, na mikono nanawa. Siku 30 za kumtazama anavyopumua, anavyokula, kama anajisugua. Akitoka doa siku ya tisa, hapo hapo karantini imekwisha, imefanya kazi yake. Kuanzia dakika hiyo yuko hospitali, na siku za hospitali zinahesabiwa upya kwa dawa.

Tukakata paipu. Kangaja akabaki palepale, sasa kwenye maji yake, na shaba ikaanza. Kisha nikamwambia lililomuuma zaidi: samaki wote waliobaki kwenye tangi kubwa nao watoke, hata wasio na doa, na matumbawe yabaki peke yake siku 76. Ni zile 72 na nyongeza kidogo ya tahadhari. Bila samaki, kila kinachoangua humo kitakufa njaa. Matumbawe hayadhuriki, kamba hadhuriki, mdudu huyu hana haja nao.

"Kwa hiyo tangi zima liko karantini?" akauliza.

Nikafikiri. Nikamwambia ndiyo, hapo umelitumia vizuri. Tangi linaonekana zima, halina mgonjwa, na tunangoja kuhakikisha kwamba hamna kitu.

Juzi nikapita tena. Karatasi ya tangi dogo amekata neno la zamani kwa kalamu, akaandika WADI. Kwenye kioo cha tangi kubwa kabandika nyingine mpya, EDA, na chini yake tarehe ya Jumamosi, siku ya kwanza. Nilicheka. Kisha nikainama nikamulika kwa tochi ya simu nyuma ya jiwe la kushoto, nikamwonyesha: kisamaki kimoja cha urefu wa kidole, cha kujificha, kimetokeza kichwa kwenye tundu kinatutazama. Hakukiona alipokuwa akitoa wengine.

Nikamwambia taratibu afute ile tarehe. Siku ya kwanza inahesabiwa pale samaki wa mwisho anapotoka.