Je, wajua kwa nini mchakato mtoto akifunga muunganisho wa hifadhidata, anayekatiwa ni mchakato mzazi?

Programu ya Python imefungua muunganisho mmoja na hifadhidata ya PostgreSQL kwa kutumia maktaba ya psycopg2, kisha ikaita `os.fork()` ili ripoti iandaliwe pembeni. `fork` huzaa nakala ya programu inayoendeshwa: ya awali huitwa mzazi, nakala huitwa mtoto. Mtoto anaandaa ripoti bila kuigusa hifadhidata, anaita `conn.close()` kwa nia njema, anatoka. Mzazi akituma ombi lake linalofuata anajibiwa: `server closed the connection unexpectedly`. Nenda kwenye logi za seva, hutaona kosa. Kwa seva, mteja ameaga na kuondoka.

Sababu ni kwamba `fork()` hunakili kumbukumbu ya programu na orodha ya namba za mafaili yaliyo wazi, lakini soketi yenyewe, yaani ncha ya mawasiliano na seva, hainakiliwi. Ikiwa ni namba 5 kwa mzazi, ni namba 5 kwa mtoto, na zote mbili zinaelekea soketi ileile moja ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Seva inamjua mteja mmoja tu.

Hapo ndipo neno "kufunga" linapowaponza watu, maana ndani yake kuna vitendo viwili. `conn.close()` kwanza humwandikia seva ujumbe wa kuaga: baiti 5, yaani herufi X na urefu wake, `58 00 00 00 04`. Kisha ndipo huachia namba ya soketi. Kuachia hakumdhuru mzazi, kwa sababu kerneli huhesabu wanaoishikilia soketi na haikati mawasiliano hadi wa mwisho aiachie. Kuaga ndiko kunakomkata. Hifadhidata ya MySQL nayo ina ujumbe wake wa kuaga, na mzazi hukutana na kosa namba 2006.

Kwa hiyo mtoto aachie, asiage. Na lazima aachie kweli: mzazi akiuawa kwa `kill -9` huku mtoto bado ameishika soketi, seva haipati habari, na muamala uliokuwa katikati hubaki na kufuli zake kwenye rekodi.

Njia iliyo salama kuliko zote ni kufungua muunganisho baada ya `fork()`, kila mchakato na wake. Ikiwa tayari ulikuwa wazi, mtoto afanye hivi kabla ya jambo lingine lolote:

`n = os.open('/dev/null', os.O_RDWR)`
`os.dup2(n, conn.fileno())`
`os.close(n)`

Kwa nini tusiite tu `os.close(conn.fileno())`? Kwa sababu namba 5 ikiachwa tupu, soketi nyingine itakayofunguliwa baadaye itaichukua, na `conn` bado inaamini ni yake. Siku `conn.close()` ikiitwa, itaandika X kwenye mawasiliano ya watu wengine. `dup2` huikalia namba hiyo kwa `/dev/null`, faili maalumu inayomeza chochote, na ujumbe wa kuaga unakosa pa kwenda. Usitumie `shutdown()` hata kidogo: hiyo huigonga soketi yenyewe, na mzazi anakatika papo hapo.

Wanaotumia SQLAlchemy, maktaba ya Python ya hifadhidata, kuanzia toleo 1.4.33, waite `engine.dispose(close=False)` ndani ya mtoto. Kwa lugha ya Perl, maktaba ya hifadhidata ya DBI ina mpangilio wa `AutoInactiveDestroy`. Iwashe, kwa kuwa huko kutoka tu kwa mtoto kunatosha kumkata mzazi.

Mtoto akithubutu kuutumia muunganisho wa mzazi, mambo huwa mabaya zaidi: majibu ya mmoja yanasomwa na mwingine. Kukiwa na TLS, yaani usimbaji wa mawasiliano, hesabu za pakiti zinapishana na unaona `decryption failed or bad record mac`. Ujumbe huo huwapeleka wengi kukagua vyeti, na vyeti havina kosa.

Jambo la kupigia hesabu: akiba ya miunganisho ya SQLAlchemy kwa kawaida huruhusu miunganisho 5 na 10 ya ziada kwa kila mchakato. Michakato 8 inaweza kufika 120, ilhali `max_connections`, kikomo cha miunganisho cha PostgreSQL, kwa kawaida ni 100. Punguza akiba kwanza.

Kuhakikisha, endesha `ss -tnp 'dport = :5432'` kama root; amri hiyo huorodhesha soketi na michakato inayozishika. Mstari mmoja ukionyesha `pid` (namba za michakato) mbili zenye `fd=5` (namba ya soketi), soketi bado inashirikiwa.