Je, wajua kwa nini tola moja si gramu kumi?

Bangili za shangazi yangu zilijulikana nyumbani kwa uzito wake: "zile za tola nne." Siku tulipozipeleka kwa sonara, mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani. Tola nne, gramu arobaini. Mizani ikasoma gramu 46 na ushee. Nikadhani mizani ni mbovu, lakini sonara alipozipima kwenye mizani ya pili ikasoma vilevile. Kosa lilikuwa kwenye hesabu yangu, na tangu hapo nimekutana na watu wengi wanaohesabu kama nilivyohesabu mimi.

Tola, kipimo cha uzito kilichotoka India, ni gramu 11.6638. Ukizidisha kwa nne unapata 46.66, na zile 6.66 nilizozipoteza ni zaidi ya nusu tola ya dhahabu. Kosa hili linakua kadiri mzigo unavyokua. Kipande cha dhahabu cha tola kumi, ambacho wafanyabiashara wa Dubai na Mumbai wamekijua kwa miongo mingi, kina gramu 116.64. Ukikilinganisha na kipande cha gramu 100 kana kwamba ni bidhaa moja, utaona bei haieleweki na utamshuku muuzaji bure.

Basi "gramu kumi" ilitoka wapi? India ilipitisha sheria ya vipimo vya metriki mwaka 1956, na leo bei ya dhahabu huko hutangazwa kwa kila gramu 10. Neno tola halikufa. Lilihamia kwenye kipimo kipya, na wengi sasa hulitumia wakimaanisha gramu 10 hasa. Kwa hiyo anayesema hivyo Mumbai huenda hajakosea. Anataja tola nyingine. Hatari iko pale neno linapovuka mpaka, au linapohusu kito cha zamani. Pakistani na Nepali bado hutangaza bei kwa tola ya 11.66, na Bangladesh huiita bhori. Ukipewa bei ya gramu 10 nawe unataka ya tola kamili, zidisha kwa 1.1664. Kwa hesabu ya haraka, kumbuka kwamba tola tatu ni gramu 35. Tofauti yake na hesabu kamili haifiki hata gramu 0.01.

Lakini kwa nini 11.66, namba isiyokaa vizuri mdomoni? Hapo ndipo jambo lenyewe linapopendeza.

Fikiria muuza maharage mwenye mizani ya vitanga viwili ambaye jiwe lake la kilo limepotea. Anaweza kuchukua pakiti ya sukari ya kilo moja ambayo haijafunguliwa, akaiweka kwenye kitanga kimoja, na biashara ikaendelea. Pakiti imekuwa jiwe. Sasa fikiria kwamba pakiti hiyo ni ndogo, ni ya chuma, na kila mtu sokoni anayo mfukoni. Hiyo ndiyo rupia ya fedha. Mwaka 1833 Waingereza waliokuwa wakitawala India waliamua kwamba rupia moja iwe na uzito wa tola moja, yaani greini 180 za Kiingereza, greini ikiwa ni kipimo kidogo sana cha uzito. Mnunuzi aliyeshuku jiwe la muuzaji aliweza kutoa sarafu zake mwenyewe akapima upya. Vipimo vikubwa zaidi vya India navyo vilijengwa juu yake: rupia mpya 80 zilikuwa ser moja, na ser 40 zilikuwa maund moja. Sarafu iliyochakaa ilipungua uzito, kwa hiyo aliyetaka haki alichagua sarafu mpya.

Greini 180 nazo zilichaguliwa kwa hesabu. Maund moja ni tola 3,200, na tola 3,200 zenye greini 180 kila moja hutoa ratili 100 kamili za troi, ratili za wapima dhahabu. Wakia moja ya troi ni greini 480, kwa hiyo tola ni sehemu tatu kati ya nane za wakia. Kila kitu kinagawanyika bila mkia.

Mfano wake ni saa yetu. Saa mbili asubuhi ni namba safi kwa anayehesabu tangu jua kuchomoza, lakini kwa anayehesabu tangu usiku wa manane ni saa nane. Tola nayo ni namba kamili nyumbani kwake, kwenye greini. Mkia wa .6638 unatokea tu tunapoihamishia kwenye gramu, kipimo ambacho hakikuhusika na uamuzi ule.

Usirudishe hesabu hii nyuma ya 1833 bila tahadhari, kwani tola ilitofautiana mji kwa mji. Tola iligawanywa kwenye vipimo vidogo, masha 12, na kila masha ilikuwa na ratti nane. Ratti ni mbegu ya mtipitipi, ile nyekundu yenye doa jeusi inayoota hata pwani yetu na yenye sumu kali. Kwa kipimo cha 1833 ratti ni gramu 0.12, lakini mbegu halisi hazilingani, na wauza vito hutumia ratti nyingine iliyo nzito zaidi. Maund ndiyo iliyotangatanga kupita zote: ya Bengal ilikuwa kilo 37.32, ya Bombay ratili 28 za kawaida, sawa na kilo 12.7, ya Madras ratili 25. Pakistani leo maund ya ngano ni kilo 40.

Nasi tuliwahi kuishika tola mkononi. Rupia ya fedha ya India ilitumika Zanzibar na Mombasa, na Wajerumani walipoanza kutoa rupia yao ya Afrika Mashariki mwaka 1890 waliipa uzito uleule. Kama kuna moja kwenye sanduku la bibi, iweke kwenye mizani ya sonara. Isipokuwa imelika sana, itasoma karibu na 11.66.