Kuwatangazia Wafanyakazi Mnaita Kuwashirikisha?

Waajiri wanaokuja kwangu na mgogoro wa kupunguza wafanyakazi huanza na maneno yaleyale: "Lakini tuliwashirikisha, kikao kilifanyika." Kisha inatolewa karatasi ya mahudhurio, imejaa sahihi. Nimeichoka karatasi hiyo. Inathibitisha kwamba watu walikuja wakakaa, basi.

Usome muhtasari wenyewe. Ajenda ya kwanza, kufungua kikao. Ya pili, kuwajulisha wafanyakazi kuhusu upunguzaji. Ya tatu, mengineyo. Kurasa za nyuma kumeambatishwa orodha ya wanaoondoka, na barua za kusitisha ajira zina tarehe ileile ya kikao. Walishauriana nini hapo, na saa ngapi?

Kwa Tanzania hili halikuachwa kwenye hiari ya mkurugenzi. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapoanza kufikiria kupunguza. Aweke wazi taarifa zote muhimu, kisha wajadiliane sababu, njia za kuepuka au kupunguza makali, vigezo vya kuwapata wa kuondoka, muda na malipo yao. Wasipoelewana, suala linakwenda kwenye usuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mambo yote hayo yanajadiliwa wakati mpango bado unaweza kubadilika. Ukiingia na majina mfukoni umekwenda kutangaza, na tangazo lingetosha kubandikwa ubaoni, bila chai wala posho.

Hasara yake haiishii kwenye sheria. Mtu wa zamu ya usiku anajua mashine ipi inakula dizeli bure. Mhasibu wa makao makuu anaona jumla tu. Wakiulizwa mapema watasema: tukate saa za ziada, tusiajiri wapya mwaka huu, anayetaka kuondoka kwa hiari aondoke. Huenda yote hayo yasitoshe. Lakini waliobaki watakuwa wanajua kwa nini wenzao wameondoka, badala ya kumaliza mwezi mzima wakikisia kwenye kundi la WhatsApp.

Ushauri wangu mmoja, na nitaurudia hadi nistaafu: makabrasha yawafikie wajumbe siku saba kabla ya kikao, yakiwa na tarakimu za mapato, gharama na mishahara. Baada ya kikao, jibu kwa maandishi kila pendekezo ulilolikataa, pamoja na sababu. Sababu isipoandikika, lirudie lile pendekezo.

Wafanyakazi nao wana yao: "Tulikataa, mbona wamefanya?" Kushauriwa hakukupi kura ya turufu. Mwajiri akishasikiliza kwa nia njema, kauli ya mwisho ni yake. Mnalotaka limfunge, lipiganieni liingie kwenye mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri. Hata Ujerumani, ambako sheria ya 1976 inawapa wafanyakazi nusu ya viti vya bodi ya usimamizi kwenye kampuni zenye watu zaidi ya 2,000, kura zikifungana mwenyekiti anapata kura ya pili, na kwa kawaida mwenyekiti huyo hutoka upande wa wenye hisa.

Waajiri wengine hujibu: "Hayo ni mambo ya Ujamaa." Ni kweli Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 ulileta mabaraza ya wafanyakazi kwenye mashirika ya umma. Lakini sheria ya 2004 ilitungwa wakati viwanda vingi vya umma vimeshabinafsishwa, na kifungu chake cha 73 kinaruhusu chama cha wafanyakazi kilichotambuliwa kukubaliana na mwajiri, hata awe binafsi, kuunda jukwaa la ushirikishwaji. Someni.

Kuna moja tunaieneza sisi wenyewe tunaoendesha semina: kwamba ukishirikisha, kazi inakwenda haraka. Uongo. Mashauriano yanakula wiki kadhaa, taarifa nyeti huvuja, na mjumbe aliyezoea posho ya kikao huanza kulinda kiti chake kuliko waliomchagua. Bora wenye kampuni waambiwe mapema, waitenge gharama hiyo, kuliko kuuziwa ndoto halafu wakaliua baraza baada ya vikao viwili.

Wala si kila jambo ni la baraza. Ratiba za zamu, usalama kazini, malengo ya uzalishaji na upunguzaji, hayo yapelekwe yakiwa bado rasimu. Bei ya zabuni inayofungwa kesho saa nne asubuhi, mkurugenzi aamue mwenyewe, na asiitishe kikao Ijumaa kuwaambia watu kwamba walishirikishwa.