Je, wajua kwa nini gemu moja ya theluji huyu anaisifu na yule anaikataa?

Waulize kuhusu SSX, gemu ya kushuka mlima wa theluji kwa ubao, watu wa Mbeya waliokulia kwenye vibanda vya PlayStation 2, pale Mwanjelwa, Kabwe au Soweto, hutapata jibu moja. Yupo atakayekwambia hajawahi kuona gemu tamu ya theluji kama hiyo. Yupo atakayesema ilikuwa tamu zamani, ila ile ya 2012 waliiharibu. Na yupo kijana wa chuo aliyeanza na hiyo ya 2012, ambaye ile ya zamani anaiona kama katuni ya watoto. Hakuna anayedanganya kati yao, na wote gemu wanazijua. Inakuwaje basi watu watatu wanashika pedi ya gemu yenye jina moja na kutoka na maoni matatu?

Mchezo wenyewe ni wa kushuka mlima wenye theluji ukiwa umesimama kiubavu juu ya ubao mmoja, miguu yote miwili imefungwa. Si mchezo wa kale. Mwaka 1965, huko Muskegon katika jimbo la Michigan, Marekani, Sherman Poppen aliunganisha skii mbili, vile vibao virefu vyembamba vya kutelezea thelujini, ili binti zake wapate kitu cha kuchezea. Wengine wakaendelea kuuboresha ubao huo, na mwaka 1998 mchezo ukaingia Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani. Mwaka huo huo kampuni ya Nintendo wakatoa 1080° Snowboarding. PlayStation ya kwanza ilikuwa imeshapata Cool Boarders tangu 1996. SSX ya kwanza ilitengenezwa na kampuni ya EA Canada ikatoka mwaka 2000 pamoja na PlayStation 2 yenyewe ilipoingia Marekani. Ikafuata SSX Tricky 2001, SSX 3 mwaka 2003, SSX On Tour 2005, SSX Blur ya mashine ya Wii 2007, halafu kimya mpaka Februari 2012, ilipokuja nyingine iliyoitwa SSX tu, ya PlayStation 3 na Xbox 360.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini theluji tunaiona kwenye skrini. Baridi tunayo ya kutosha, na Juni na Julai watu wa Makete, Njombe na Kitulo huamka wakakuta umande umeganda juu ya majani. Lakini theluji inataka juu zaidi. Ukipanda mita 1,000 joto hushuka kwa takribani nyuzi sita, na kwa huku kwetu karibu na ikweta unahitaji kufika kama mita 5,000 hivi ndipo baridi iwe ya kuitunza barafu mwaka mzima. Jiji la Mbeya liko kwenye mita 1,700, Mlima Rungwe unaishia karibu na mita 2,960. Kwa hiyo mchezaji wa Mwanjelwa hana cha kulinganisha anapoona theluji ya gemu. Hawezi kusema hii theluji si ya kweli. Anapima kitu kingine, yaani ule mteremko, kasi, na namna mpandaji anavyotua.

Na mteremko tunaujua. Watoto wa Tukuyu wanaoserereka kwenye majani mabichi juu ya gome la mgomba wanaelewa kwamba ukirushwa na tuta ukaangukia kwenye mteremko unaendelea na safari yako, ila ukiangukia pa tambarare utaumia. Sababu ni kwamba ukiwa hewani kasi yako inaelekea mbele na chini kwa pamoja. Mteremko nao unaelekea huko huko, kwa hiyo ni sehemu ndogo tu ya kasi hiyo inayogonga ardhi. Iliyobaki inageuka kuwa mwendo. Kwenye tambarare ile kasi yote ya kwenda chini inaishia mwilini. Wanaotengeneza gemu za aina hii wanahangaika na jambo hilo kuliko rangi ya theluji: gemu imsamehe kiasi gani mtu aliyetua vibaya?

Tazama vidole vya anayecheza SSX Tricky. Anabana kitufe cha X na kukishikilia, mpandaji anachuchumaa na kukaza magoti. Kabla ya tuta kuisha anasukuma mshale wa kulia, mwili wa mpandaji unajikunja upande mmoja kujiandaa. Ukingoni kabisa anaachia X. Mpandaji anaruka, anazunguka mara moja, mara mbili, na huku anazunguka kidole kingine kinabana kimojawapo cha vitufe vinne vya juu ya pedi, mpandaji anainama na kuushika ubao. Sasa inabaki kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kuachia. Ukiachia mapema unapoteza pointi. Ukichelewa ukagusa chini mkono bado uko kwenye ubao, unabiringika na wenzako wanakupita. Ukitua sawasawa, mstari wa nguvu pembeni mwa skrini unapanda, nguvu hizo unazitumia kwenda kasi, na kasi inakupeleka kwenye tuta linalofuata ukiwa juu zaidi. Mstari ukijaa, mpandaji anaruhusiwa kufanya mitindo ambayo kwa binadamu haiwezekani: anafungua miguu kwenye ubao akiwa hewani, anauzungusha mikononi, anaurudisha kabla ya kutua. Mitindo hiyo inakuandikia jina la gemu herufi moja moja, na jina likikamilika nguvu haziishi tena mpaka mwisho wa shindano.

Mpandaji wa kweli hawezi hata robo ya hayo. Ndipo kundi la kwanza la wachezaji linapojitenga. Wapo wanaotaka mlima uheshimiwe, na hao walipenda Amped ya Xbox ya mwaka 2001, na siku hizi wanapenda Shredders ya 2022, ambazo mwendo wake ni wa taratibu na mzunguko mmoja uliotua vizuri ni jambo la kujivunia. Kwao SSX ni fujo. Wa upande wa pili wanauliza: kama nataka uhalisia, si nitatoka nje? Mimi niko upande wa fujo, kwa sababu moja. SSX Tricky ilikuwa ya ovyo kwa nje, rangi kali na fataki kila kona, lakini sheria yake ya kutua ilikuwa ngumu na ya haki. Ulianguka kwa kosa lako na ukaliona kosa lenyewe.

Haki hiyo ndiyo iliyozua ugomvi mkubwa kuhusu SSX ya 2012. Watengenezaji walitumia data za setilaiti za NASA, shirika la anga la Marekani, kuchora milima ya kweli ya dunia, kuanzia Alps na Himalaya mpaka Antaktika. Milima ni mikubwa, njia ni nyingi, na kila ukishuka unaweza kupita pengine. Wanaoisifu husifu hilo, na wana haki. Sijaona gemu iliyokupa uwanja mpana hivyo kwa mwendo ule. Lakini milima ya kweli ina mashimo na makorongo yasiyo na mwisho, na ukitumbukia hakuna wa kukutoa. Gemu ikaleta dawa: unabana kitufe, muda unarudi nyuma, unajikuta tena juu kabla ya shimo. Tatizo ni kwamba kwenye mashindano muda unarudi kwako peke yako. Wapinzani wanaendelea kushuka wakati wewe unarudishwa. Aliyezoea Tricky, ambapo kuanguka kulikugharimu sekunde chache tu, aliliona shimo kama mtego uliowekwa na mtengenezaji. Aliyeanza na ya 2012 alijifunza ramani ya mlima, akayakwepa mashimo, na hakuona tatizo lolote.

Kila mlima kati ya maeneo yake tisa umepewa hatari yake na kifaa chake. Himalaya hewa ni nyembamba, unabeba oksijeni. Patagonia unavaa nguo yenye mbawa za kuelea hewani. Afrika tumepewa Kilimanjaro, na hatari tuliyopangiwa ni giza: unashuka ukiwa na taa kichwani. Mara ya kwanza kuona jina la mlima wetu kwenye orodha ile nilifurahi mno, nikawaita waliokuwa karibu waje kuona. Kisha nikahuzunika, kwa sababu mlima wenye mita 5,895, unaoonekana kwa mbali ukiwaka juani, ndio uliochaguliwa kuwa wa giza. Ninaomba siku moja mtengenezaji mwingine aupe mwanga wake. Na asichelewe: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa Kilimanjaro mwaka 1912 imeshayeyuka.

Lakini yote hayo, mashimo na giza, hayatoshi kueleza kwa nini vijana wa vibandani waliikataa kabisa ile ya 2012 wakati magazeti ya gemu ya Ulaya na Marekani yaliipa alama nzuri. Jibu liko kwenye kibanda chenyewe. Kibanda cha gemu kinaishi kwa pedi mbili. Watu wawili wanakaa kwenye benchi, nyuma yao wamesimama wengine sita wakingoja zamu na kutoa ushauri ambao hakuna aliyewaomba. Aliyefungwa anasimama, mara nyingi ndiye anayelipa, na mwingine anakaa. Mwenye kibanda anataka mechi fupi ili zamu zizunguke. Gemu isiyoweza kugawa skrini kwa watu wawili haina kazi pale, hata iwe nzuri namna gani.

SSX Tricky iligawa skrini. Mngeweza kushindana wawili, kila mmoja na nusu yake, na mshindi akajulikana ndani ya dakika chache. SSX 3 vilevile, ingawa uzuri wake mkubwa uko kwenye kucheza peke yako, maana imekupa mlima mmoja wenye vilele vitatu unaoweza kuushuka kutoka juu hadi chini bila kusimama. SSX ya 2012 haikugawa skrini. Iliwaunganisha wachezaji kwa intaneti: rafiki yako anashuka mlima leo, muda wake unahifadhiwa, na wewe kesho unashindana na kivuli chake. Kwa mtu mwenye mashine chumbani na intaneti isiyokatika, ni wazo zuri sana, maana mnashindana bila kulazimika kuwa macho kwa wakati mmoja. Kwa kibanda cha Mwanjelwa kisicho na intaneti, lilimaanisha mtu mmoja anacheza na saba wanamwangalia. Hakuna mwenye kibanda atakayeacha gemu ya mpira ya pedi mbili kwa ajili ya hilo.

Mwandishi wa gazeti la gemu huicheza peke yake, kimya, kwa siku kadhaa, bila kulipia mechi. Kijana wa kibandani anaipima kwa dakika alizolipia huku anazomewa. Hata lile shimo halina uzito sawa. Nyumbani ni usumbufu mdogo. Kibandani ni pesa yako imetumbukia mbele za watu.

Gemu zilizofuata zimeendelea kugawanya watu kwa njia hiyo hiyo, safari hii kwa ajili ya bando. Steep ya kampuni ya Ubisoft, iliyotengenezwa Annecy, Ufaransa, ikatoka Desemba 2016, inakupa Alps nzima uzunguke utakavyo, kwa ubao, kwa skii au kwa parachuti. Ni nzuri kuitazama kuliko SSX yoyote. Lakini inadai intaneti muda wote, hata unapocheza peke yako, na Riders Republic iliyokuja 2021 inafanya vivyo hivyo. Mtu wa Iringa mjini mwenye intaneti ya nyumbani atakusimulia uzuri wa machweo yake. Mtu wa Mafinga anayetegemea bando la simu atakusimulia namna alivyotolewa katikati ya mteremko mtandao ulipoyumba. Wote wanaielezea gemu hiyo hiyo kwa ukweli.

Kwa asiye na mashine kabisa ipo Alto's Adventure, ya simu, iliyotoka 2015 na kuingia Android mwaka uliofuata. Unaichezea kidole kimoja: ukigusa anaruka, ukishikilia anapinduka hewani, ukichelewa kuachia anaanguka. Sheria ya kutua ni ile ile ya SSX, imepunguzwa mpaka ikabaki kidole na mteremko. Watu wa gemu kubwa huidharau, na hapo sikubaliani nao. Nimewaona kina mama wa dukani wakiicheza wakati wateja hawapo, nao wanajua kutua.

Ukitaka kuonja ugomvi huu mwenyewe, anza na SSX Tricky kwa watu wawili. PS2 za mtumba bado zinapatikana. Ila kabla ya kulipa jaribu vitufe vinne vya juu ya pedi, hasa R1, kwa sababu kwenye gemu za mpira ndicho cha kukimbilia na kinachoka kabla ya vingine. Kikilegea, mpira utaendelea kucheza kwa kubana kwa nguvu, lakini mpandaji wako atashindwa kuushika ubao au, vibaya zaidi, atashindwa kuuachia.