Jeni ya uvimbe si jeni ya ukoo

"Kansa yake ni ya jeni, kwa hiyo watoto wajiangalie." Sentensi hii nimeisikia msibani, nimeisikia kwenye benchi la wanaosubiri majibu, na safari hii nimeisikia kwa mtu aliyesoma vizuri tu, akiwaeleza wazee wa Kibosho kwa nini posa isiharakishwe. Baba wa binti anaumwa. Kinyama kilichotolewa kwenye pafu lake kimepimwa, na majibu yanasema kuna mabadiliko ya jeni inayoitwa EGFR. Hayo tu. Kufika jioni habari ilikuwa imeshapanda mlima: ukoo ule una kansa kwenye damu.

Maana yenyewe haina urefu. Jeni ni kipande cha maelekezo kilichomo ndani ya seli, na maelekezo hayo yameandikwa kwa herufi nne za DNA. Mabadiliko ya jeni, ambayo wengi siku hizi huyaita mutesheni, ni pale maandishi hayo yanapoharibika: herufi moja inakaa mahali pa nyingine, kipande kinadondoka, au vipande viwili visivyohusiana vinaunganika, kama ilivyo kwa ALK, ambayo timu ya Hiroyuki Mano ilieleza huko Japani mwaka 2007 kwamba huungana na jeni nyingine katika baadhi ya saratani za mapafu. Basi. Kinachotutesa ni swali ambalo hatuulizi: yamebadilika ndani ya seli zipi, na tangu lini?

Yapo mabadiliko ambayo mtu huzaliwa nayo. Yalikuwemo kwenye yai la mama au mbegu ya baba, kwa hiyo yamo katika kila seli ya mtoto, kuanzia ukucha hadi ubongo, na yeye anaweza kuyapitisha kwa watoto wake. Selimundu iko hivyo. Ualbino uko hivyo. Wazee wakiuliza habari za selimundu kabla ya ndoa wanauliza jambo la maana, kwa sababu wazazi wawili waliobeba jeni hiyo, kila ujauzito wao una uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa.

Halafu yapo mabadiliko yanayotokea mtu akiwa ameshazaliwa, pengine ameshafikisha miaka 60, ndani ya seli moja, mahali pamoja pa mwili. Badiliko moja linaloonekana sana kwenye EGFR huandikwa L858R. Ni herufi moja, T, iliyogeuka kuwa G, katika maandishi yenye herufi karibu bilioni 3. Kosa hilo linaifanya seli ya pafu isikie amri ya kugawanyika usiku na mchana hata kama hakuna aliyetoa amri. Seli inagawanyika, watoto wake wanarithi kosa, na wajukuu pia, hadi uvimbe unaonekana kwenye picha. Kurithi kupo, lakini ni kwa seli ndani ya uvimbe. Mayai ya binti na mbegu za kijana hazitoki kwenye pafu la baba yao. Mama aliyeungua mkono na uji hazai mtoto mwenye kovu, na hakuna mkwe aliyewahi kuahirisha mahari kwa sababu hiyo.

Tena hapa Kilimanjaro dhana hii isingetakiwa kutushinda, maana tumeishi na hospitali ya Kibong'oto, kule Siha, tangu mwaka 1926. TB sugu tunaijua. Dawa ya rifampisini inaposhindwa, mara nyingi ni kwa sababu jeni iitwayo rpoB imebadilika, na ile mashine ya GeneXpert inayopima makohozi hutafuta badiliko hilo hilo. Ni mabadiliko ya jeni kweli kweli. Lakini ni jeni ya bakteria. Mgonjwa wa TB sugu akirudi nyumbani, ndugu huuliza kama bado anaambukiza, wakafungua madirisha. Hakuna anayesema ukoo umeoza. Tunajua bila kufundishwa kwamba kilichobadilika ni cha mdudu. Neno hilo hilo likitoka kwenye karatasi ya saratani, akili zote zinakimbilia kwa babu.

Madaktari wenyewe hawakuanzia kwenye ukoo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na kidonge kipya, gefitinibu, kilichotengenezwa kuizuia EGFR. Japani walikiruhusu mwaka 2002, Marekani mwaka 2003. Wagonjwa wengi wa saratani ya mapafu hakikuwasaidia kitu, ila wachache, wengi wao wanawake na watu ambao hawajawahi kuvuta sigara, uvimbe uliyeyuka kwa namna ambayo haijazoeleka. Mwaka 2004 makundi mawili ya watafiti wa Boston yalisoma DNA ya uvimbe wa watu hao yakakuta EGFR imebadilika. Hatua iliyofuata ndiyo ninayotaka kila anayesema "kansa ya ukoo" aisikie: walisoma pia DNA ya sehemu zisizo na ugonjwa za wagonjwa hao hao. Kule herufi zilikuwa sawa. Mtu mmoja, maandishi mawili, na kosa liko kwenye uvimbe peke yake.

Tangu hapo kipimo hiki kimekuwa cha kuchagua dawa. Utafiti mkubwa uliofanyika nchi za Asia, ukiongozwa na Tony Mok wa Hong Kong na kuchapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba wenye mabadiliko ya EGFR walikaa muda mrefu zaidi bila ugonjwa kusonga mbele wakitumia gefitinibu kuliko kemo, yaani tibakemikali. Kwa wasio na mabadiliko ilikuwa kinyume: kidonge kiliwafanyia vibaya kuliko kemo. Ndiyo sababu daktari anaomba kipimo. Kwa mgonjwa wa pafu, majibu kuonyesha EGFR imebadilika mara nyingi ni habari ya kutia moyo, maana ipo dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya kosa hilo. Inauma kuona familia inaipokea kama laana.

Mtu atauliza, mbona basi wengine hawajawahi kushika sigara na wanayo? Timu ya Charles Swanton kutoka London ilichapisha mwaka 2023 matokeo yanayosaidia kujibu. Walichunguza sehemu za mapafu zisizo na saratani, wakakuta seli chache zenye mabadiliko ya EGFR katika asilimia 18 ya sampuli. Yaani seli hizo zinaweza kukaa kimya ndani ya mtu mzima ambaye haumwi. Vumbi laini la hewa chafu, lile linalotoka kwenye moshi wa magari na viwanda, huchochea mwili kuvimba ndani kwa ndani, na kuvimba huko ndiko kunaziamsha. Utafiti ule haukuhusu jiko la mafiga. Hata hivyo wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameshauweka moshi wa kuni wa majumbani kwenye kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani. Kwa hiyo dada wawili wa nyumba moja wakiugua, kabla hatujamsaka bibi yao aliyelala kaburini, tuliangalie kwanza jiko walilopikia pamoja tangu utoto, na nani alivuta sigara sebuleni. Ndugu wa damu wa mgonjwa wa saratani ya mapafu wana hatari iliyo juu kidogo kuliko watu wengine, hilo ni kweli, na kuishi kwenye hewa moja ni sehemu ya sababu. Lakini EGFR iliyobadilika kwenye uvimbe haihesabiki kama ushahidi wa urithi.

Nisifiche kwamba urithi wa kweli upo, ila ni nadra. Badiliko la EGFR liitwalo T790M kwa kawaida hujitokeza baada ya mgonjwa kutumia kidonge kwa miezi, pale uvimbe unapotafuta upenyo wa kuikwepa dawa. Mwaka 2005 ilielezwa familia moja ambayo watu wake walizaliwa nalo, na kadhaa wakapata saratani ya mapafu. Mwaka 2011 zikaelezwa familia zilizorithi jeni ya BAP1 iliyoharibika, zikiwa na mesotelioma nyingi, saratani ya utando unaofunika pafu. Familia za namna hiyo zinahitaji ushauri wa wataalamu wa vinasaba, na daktari akiwa na shaka hiyo atasema waziwazi na kuomba kipimo kingine. Haitangazwi kwenye kikao kwa kukisia.

Na kwa kuwa nimeitaja mesotelioma, nigusie mkanganyiko wa pili: si kila uvimbe wa kifuani ni saratani ya pafu, na majibu ya mmoja hayamfai mwingine. Mesotelioma mara nyingi hutokana na vumbi la asbesto, madini ya nyuzinyuzi, alilovuta mtu miaka 20, 30, hata 40 nyuma. Mtafiti J. C. Wagner na wenzake walilieleza hilo mwaka 1960 kwa wagonjwa 33 wa Afrika Kusini, wengine wakiwa hawajawahi kufanya kazi mgodini, walilelewa tu karibu nao. Jeni zake nyingi zilizoharibika ni za breki, zile zinazozuia seli isigawanyike ovyo, na kuirudisha breki iliyopotea kwa kidonge ni kazi ngumu kuliko kuzima injini inayowaka bila ruhusa, kama EGFR iliyobadilika. Thaimoma nayo huota kwenye tezi ya thaimasi, nyuma ya mfupa wa kidari, na karibu theluthi ya wagonjwa wake huja na udhaifu wa misuli: kope zinaanguka, chakula kinawashinda kumeza. Mwaka 2014 iligunduliwa kwamba nyingi za zile zinazokua taratibu zina badiliko kwenye jeni ya GTF2I. Hilo linasaidia kuelewa tabia ya uvimbe, bila kuwa na kidonge chake. Mwenye thaimoma asihangaike kukopa fedha za kidonge cha EGFR kwa sababu jirani wa wodini amepona nacho kikohozi.

Tuseme, basi, "uvimbe wake una mabadiliko ya EGFR." Hatupungukiwi kitu tukisema hivyo, na watoto wake wanabaki na amani yao. Na kipimo kikifanywa kwenye damu, tusirukie kusema ni cha kurithi: uvimbe humwaga vipande vya DNA yake kwenye damu, na siku hizi vinaweza kutafutwa humo pale ambapo kinyama hakipatikani kirahisi. Anayetaka uhakika amuulize daktari, "Haya ni ya uvimbe, au mzee amezaliwa nayo?" Ni swali fupi, na daktari aliyeomba kipimo analo jibu.