Mafuriko ya majira: kwa nini mipopla ya magharibi mwa Marekani huota maji yanapoondoka

Mafuriko ya majira ni yale ambayo mto huyarudia karibu kila mwaka, wakati uleule: maji hupanda, hufunika tambarare za kandokando, kisha hushuka taratibu. Hayafanani na gharika ya ghafla inayosomba nyumba usiku mmoja. Katika nyanda kavu za magharibi mwa Marekani chanzo chake ni theluji. Hujilundika kwenye Milima ya Rocky na Sierra Nevada wakati wa baridi, huanza kuyeyuka majira ya machipuko, na mito mingi hufikia kilele mwishoni mwa Mei au Juni. Huko mabondeni mvua ni haba mno. Mji wa Yuma, Arizona, hupata chini ya milimita 100 kwa mwaka. Mti ulio kandokando ya mto Colorado hunywa theluji iliyoanguka mamia ya kilomita mbali na ulipo.

Mimea ya asili ya kingo hizo, hasa miti ya mipopla (kwa Kiingereza cottonwood) na mierebi, imeyafuata mafuriko haya hata katika kuzaa. Mbegu ya mpopla ni ndogo sana, imebebwa na nyuzi nyeupe kama sufi, na mti mmoja wa kike hupeperusha mbegu kwa mamilioni. Lakini haina akiba ya chakula ndani yake. Hudumu hai wiki chache tu, na ikishalowa hudumu siku chache. Haiwezi kuota chini ya kivuli wala kwenye majani. Inataka mchanga au tope tupu, lenye unyevu, lililo wazi juani. Ni mto uliofurika unaoandaa kitalu cha namna hiyo: unang'oa magugu, unatandaza mchanga mpya, halafu unapoanza kupungua, mbegu ndiyo kwanza zinapeperuka.

Hapo ndipo jambo lenyewe lilipo, na ndipo wengi hupitiwa, kwa kuwa tukisikia mafuriko tunawaza wingi wa maji. Kwa mche wa mpopla, kushuka kwa maji kuna uzito kuliko kupanda kwake. Mzizi mchanga hufukuzana na unyevu unaozama ardhini. Mwaka 1998 watafiti John Mahoney na Stewart Rood, waliofanya kazi kwenye mito ya kusini mwa Alberta, Kanada, walilieleza hili kwa vipimo: maji yasishuke zaidi ya takriban sentimita 2.5 kwa siku, na mbegu iwe imetua kwenye ukanda fulani wa ukingo, kama sentimita 60 hadi 200 juu ya usawa wa maji ya mto mwishoni mwa kiangazi. Ikitua chini ya hapo, barafu au mafuriko yajayo yataung'oa mche. Ikitua juu zaidi, mche utakauka kabla mzizi haujafika kwenye maji. Masharti haya yote hayatimii kila mwaka, ndiyo maana ukipita kwenye bonde la mto wa huko utakuta mipopla imesimama kwa mistari, kila mstari wa rika lake, kufuata miaka ya mafuriko makubwa.

Mabwawa yalivuruga hesabu hii. Kwenye mto Colorado, bwawa la Hoover lilikamilika miaka ya 1930, na la Glen Canyon likaanza kujaza ziwa lake mwaka 1963. Bwawa huhifadhi maji ya theluji na kuyatoa kwa ratiba ya umeme na mashamba, hivyo kilele cha Juni hupotea. Mipopla mikongwe huendelea kusimama, mtu akaona msitu ungali mzima, kumbe hakuna mche unaoirithi. Nafasi ikachukuliwa na mtamariski, mti ulioletwa kutoka Ulimwengu wa Kale katika karne ya 19. Huo hutoa mbegu miezi mingi ya joto na huvumilia chumvi, kwa hiyo haujali sana maji yamekuja lini. Kuulaumu peke yake si haki. Ulikuta mlango umeachwa wazi.

Dawa wakati mwingine imepatikana kwa bahati. Kwenye mto Truckee, Nevada, miaka ya 1980 maji ya machipuko yaliachiliwa kwa ajili ya cui-ui, samaki wa Pyramid Lake aliyekuwa hatarini kutoweka na mwenye heshima kubwa kwa Wapaiute wa ziwa hilo. Samaki walitaga, na mipopla na mierebi michanga ikachomoza kingoni bila kupandwa na mtu.

Kenya nayo ina mpopla wake, Populus ilicifolia, unaoota kandokando ya mito kama Tana. Mto Tana hufurika mara mbili kwa mwaka, kwa mvua badala ya theluji, na misitu ya tambarare zake hutegemea maji hayo. Mabwawa ya mikondo ya juu, likiwemo Masinga la mwaka 1981, yameibua maswali yaleyale.

Jaribio lililovuma zaidi la kurudisha mafuriko lilikuwa la delta ya Colorado. Kuanzia tarehe 23 Machi 2014, kwa makubaliano ya Marekani na Meksiko, kiasi cha mita za ujazo milioni 130 kiliachiliwa kupitia bwawa la Morelos kwa wiki nane, na mto ukaigusa bahari tena. Huko San Luis Río Colorado watu walimiminika mtoni kuyalaki maji. Miche ya asili ilishika vizuri zaidi palipofyekwa mitamariski mapema. Mwaka 2021 maji mengine yalitolewa, safari hii mengi yakipitishwa mifereji ya umwagiliaji hadi kwenye maeneo yaliyopandwa miti. Njia hiyo hupunguza upotevu, na miti iliyokwisha kupandwa huneemeka. Ila haisukumi mchanga wala haifungui ardhi mpya, kwa hiyo mbegu zinazopeperuka zenyewe hubaki bila pa kutua.