Mahavira hakuanzisha Ujaini

Kwa miaka mingi imeandikwa kuwa Mahavira ndiye mwanzilishi wa dini ya Ujaini huko India. Sivyo. Kwa Wajaini wenyewe yeye ni wa 24, na wa mwisho, katika mlolongo wa Matirthankara, walimu waliojikomboa na mzunguko wa kuzaliwa na kufa wakawaonyesha wengine njia. Tena maandiko ya madhehebu ya Shvetambara yanasema wazazi wake walikuwa wafuasi wa Parshvanatha, mwalimu wa 23, ambaye wanahistoria wengi wanakubali kuwa aliishi kweli. Mwana angeanzishaje dini aliyoikuta nyumbani?

Alichofanya Mahavira ni kikubwa vya kutosha: aliacha ukwasi akiwa na miaka 30, akafundisha kutodhuru kiumbe chochote, na ndiyo maana sanamu zake zinaheshimiwa hadi leo.